Sungura Hajala Tangu Jana: Maswali Yenu kutoka Amu na Malindi

Safari hii barua za sungura zimekuwa nyingi, na karibu zote zina maneno yaleyale, "alikuwa mzima kabisa, ghafla tu." Jamani, kwa sungura ghafla ni nadra sana. Huyu ni mnyama anayewindwa na kila kitu, paka, mbwa, mwewe, kwahivo kaumbwa kuficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha zimuishe, na ile siku wewe unaona hayuko sawa mara nyingi yeye ana siku zake tayari hayuko sawa. Ndo maana nawaomba kila asubuhi muangalie vitu viwili kabla hata ya chai, amekula nini usiku na amekunya vipi. Nianze na barua ambayo haikuweza kusubiri gazeti, tulimjibu kwa simu palepale, lakini jibu naliweka hapa manake najua wengi litawafika.

SWALI: Assalam alaykum. Mie niko Langoni, Amu. Binti yangu ana sungura mweupe tunamuweka kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba. Jana tulikuwa na wageni, watoto wakampa mahamri na biskuti na mkate, jioni hakutaka kitu, leo asubuhi karoti iko vilevile, kajikunja pembeni hatoki, na mavi ni machache na madogo mno. Jirani asema ni gesi tu, nimpe Eno na kijiko cha mafuta ya nazi. Nimpe? Mtoto analia tangu alfajiri.

JIBU: Waalaykum salaam mama. Usimpe Eno wala mafuta, na usingoje kesho.

Tumbo la sungura halitakiwi kusimama hata kidogo, usiku na mchana lazima kuwe na kitu kinapita, na kinachosukuma ni nyasi, zile nyuzinyuzi ngumu. Mahamri, biskuti na mkate ni wanga na sukari, zikiingia kwa wingi bakteria wa tumboni wanavurugika, utumbo unapunguza mwendo, chakula kinakaa palepale kinatoa gesi, gesi inauma, akiumwa hali, na asipokula utumbo ndo unasimama kabisa. Hali hii inaweza kumuua kwa siku moja au mbili. Sungura akipitisha muda wa saa 12 bila kula hiyo ni dharura, ichukulie vile ungeichukulia mtoto mchanga asiyenyonya. Halafu sungura hawezi kutapika, umbo la tumbo lake haliruhusu, kwahivo chochote unachomtia mdomoni hakina njia ya kurudi, na Eno kazi yake ni kuchemka na kutoa gesi, sasa unamuongezea kilekile kinachomuumiza. Mafuta ya nazi nayo hayasukumi kitu, na yakimpalia yanaingia mapafuni.

Sasa fanya hivi. Shika masikio yake. Kama ni ya baridi mwili unashuka joto, joto la sungura mzima ni kama 38.5 mpaka 40, na mgonjwa akishuka chini ya 38 hali yake ni mbaya sana. Mtilie maji ya uvuguvugu kwenye chupa, ifunge kitambaa, iweke ubavuni mwake, na umpashe moto kwanza kabla ya kufikiria chakula. Halafu pitisha mkono tumboni taratibu. Tumbo likiwa laini, mpe maji kwa sirinji isiyo na sindano, uingize pembeni mwa mdomo nyuma ya yale meno ya mbele, mililita moja, ameze, ndo umpe nyingine, na usimlaze chali hata siku moja ukimnywesha. Muwekee nyasi mbichi zilizooshwa na nyasi kavu mbele ya pua, akitaka kutembea muache atembee, mwendo unasaidia utumbo. Lakini tumbo likiwa limevimba na limekaza, au analia ukimgusa, usimlazimishe chakula kabisa, huenda njia imeziba, na kumjaza juu ya kizibo ni kumpasua.

Msikilize na meno pia. Sungura akiwa raha ukimpapasa kichwa husaga meno kidogo kidogo, unasikia kwa mkono kuliko kwa sikio. Akiwa na maumivu anasaga kwa nguvu, unasikia ukiwa umekaa kando, na macho yamefumba nusu. Huyo ni wa kupelekwa sasa hivi. Daktari wa mifugo atampa dawa ya maumivu, maji chini ya ngozi, na akishahakikisha hakuna kizibo anaweza kumpa dawa ya kuamsha utumbo. Dawa ya maumivu ndo watu wanaidharau kumbe mara nyingi ndo inayomrudisha kula. Ila usimpe vidonge vyenu vya nyumbani, kipimo chake hukijui.

Akipona inshallah, muangalie meno. Sungura ana meno 28 na yote yanaota maisha yake yote, ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kutwa. Asiyepewa nyasi meno ya nyuma yanaota ncha zinazokata ulimi, utamuona anakimbilia chakula, anakiokota, anakitema, na kidevu kimelowa mate. Watu wanadhani anaringa. Huyo ana njaa na anashindwa kutafuna. Na tafadhali msiyakate meno nyumbani kwa mkasi wa kucha, jino linapasuka mpaka kwenye fizi.

Chakula chake kwa sehemu kubwa, kama asilimia 80, kiwe nyasi, ziwe mbichi au kavu, ile wafugaji wa ng'ombe wanaiita hei. Mboga za majani kidogo, karoti kipande kidogo kwa kumfurahisha tu manake ina sukari nyingi. Na binti muelezee kwa upole, si kosa lake wala la wale watoto wageni, nani aliwahi kuwaambia?

SWALI: Sungura wangu anakula mavi yake mwenyewe asubuhi. Nimemuona. Babu asema ni kichaa. Ni mgonjwa? Nina miaka tisa, naishi Shela.

JIBU: Mwanangu umefanya vizuri sana kuangalia na kuuliza, na muambie babu kwa heshima kwamba sungura wako ni mzima. Sungura anatoa mavi aina mbili. Yako yale makavu ya duara, na yako mengine laini, yanayong'aa, yameshikana kichala kama zabibu, haya anayachukua moja kwa moja kutoka nyuma na kuyameza, manake yana vitamini na protini ambazo tumbo halikuwahi kuzifyonza mara ya kwanza. Ukiyakuta yale laini yamebaki sakafuni au yamemganda manyoya ya nyuma, hapo ndo umuambie mama, huenda anakula vyakula vya unga kupita kiasi au amenenepa hafiki.

SWALI: Habari. Niko Maweni hapa Malindi, nina sungura sita kwa banda la mabati. Juzi saa nane mchana nikakuta mmoja amelala ubavu anahema mbio, pua imelowa, masikio yamekuwa mekundu. Nikamtumbukiza kwa ndoo ya maji ya baridi kutoka friji akafa mkononi. Nilikosea wapi na hawa watano nifanyeje, kaskazi bado hii.

JIBU: Pole sana ndugu. Huyo alipigwa na joto, na alikuwa ameshafika mbali kabla hujamkuta, kwahivo usijibebeshe mzigo wote. Sungura hatoki jasho, joto lake linatokea masikioni, ndo maana uliyaona mekundu, mishipa ilikuwa imefunguka yote inatafuta upepo na upepo wenyewe ndani ya mabati haupo. Kuanzia nyuzi 28 hivi sungura anaanza kuteseka, na Malindi mwezi wa tatu tunapita 30 kivulini, sasa chini ya bati la jua la saa nane unaweza kufikiria mwenyewe ni ngapi.

Ile ndoo ya maji baridi ni mshtuko, mishipa inajifunga ghafla na joto linabaki ndani. Mwingine akikupata hivo mtoe haraka umpeleke kivulini penye upepo, lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida ya mtungi, sio ya friji, umpanguse masikio na miguu, muwekee maji ya kunywa karibu bila kumlazimisha, washa feni lakini isimpige usoni, na akiwa hajainuka, mpeleke kwa daktari mara moja hata kama anaonekana anapata nafuu, figo na utumbo vinaweza kuwa vimeumia na utayaona baadaye.

Kwa hawa watano, toa bati weka makuti, au weka makuti juu ya bati uache nafasi katikati hewa ipite. Upande mmoja wa banda uwe wavu uelekee upepo. Chupa za soda za plastiki zijaze maji uzigandishe, kila saa sita mchana unatia moja kwa kila kizimba, watajilaza wenyewe. Maji ya kunywa yabadilishwe mara kwa mara, sungura anahitaji mililita 50 mpaka 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake na wakati wa joto anakwenda juu, na maji yakipata moto hayanywi. Wape nyasi zao nyingi jioni na usiku, mchana wa joto hawana hamu. Na wale wanene na wenye mimba ndo wa kuangaliwa kwanza, hao joto linawamaliza upesi.

SWALI: Sungura wangu anapiga chafya wiki ya pili, anatoa makamasi meupe. Nimebakisha Amoksili ya mtoto ile ya maji, naweza kumpa nusu kijiko? Mama wa Kisumu Ndogo, Malindi.

JIBU: Hapana hapana hapana mama, na ninaomba msomaji yeyote aliye na sungura alikariri hili. Amoksili na dawa zote za ukoo wa penisilini zikipita mdomoni zinaua sungura. Sio kwamba ni sumu moja kwa moja, shida ni kwamba zinaua bakteria wazuri wanaomsagia nyasi, wabaya wanabaki peke yao wanazaana na kutoa sumu, anaanza kuharisha, na ndani ya siku chache umempoteza, na wewe utadhani ni ile chafya iliyomuua. Hata dawa ya linkomaisini na ndugu yake klindamaisini ni hivohivo. Zipo antibayotiki ambazo sungura anazistahimili, daktari anazijua na anazipima kwa kilo.

Chafya moja moja kwa sababu ya vumbi la nyasi si kitu. Lakini makamasi meupe ni maambukizi, mara nyingi bakteria anayeitwa Pasteurella. Mgeuze mikono ya mbele uangalie upande wa ndani, juu kidogo ya vidole. Sungura anajifuta pua kwa mikono, kwahivo akiwa na mafua ya kweli utakuta manyoya hapo yamegandana, magumu, yamekauka ute. Huu ndo ushahidi hata kama pua yenyewe ameshaisafisha. Mtenge na wenzake, na ulinuse banda lake, ukisikia mkojo unakuchoma pua basi na yeye unamchoma mapafu usiku kucha. Toa matandiko yote yaliyolowa kila siku. Akianza kuhema kwa mdomo usilale nalo, sungura kwa kawaida anapumua kwa pua tu, mdomo ukifunguka ujue anakosa hewa.

SWALI: Masikioni kuna kitu kama ukoko wa kahawia umejaa, anatikisa kichwa na kujikuna mpaka damu. Mzee mmoja kaniambia nipake mafuta ya taa, rafiki naye kanipa dawa ya viroboto vya mbwa. Niko Ganda.

JIBU: Mafuta ya taa yatamchoma ngozi na akijilamba yanaingia tumboni, tupa wazo hilo. Na hiyo dawa ya mbwa isome lebo, ikiwa imeandikwa fiproni, au fipronil kama wanavyoiandika, usiipake kwa sungura kabisa, inawapa degedege na kuwaua. Wengi wamewapoteza hivo wakidhani dawa ya mnyama ni dawa ya mnyama yeyote.

Huo ukoko ni kazi ya utitiri wa masikio, wadudu wadogo mno. Usiubandue kwa kucha, chini yake ni kidonda kibichi na maumivu yake ni makali. Daktari wa mifugo atampiga sindano ya ivamektini kwa uzito wake na kumrudia baada ya wiki mbili hivi manake mayai ya kwanza yanakuwa yameanguliwa, na ukoko utaanguka wenyewe. Kila sungura anayeishi naye atibiwe siku hiyohiyo, na vizimba visuguliwe kwa maji ya moto vianikwe juani. Kama ukoko uko puani, mdomoni na kwenye vidole badala ya masikioni huo ni upele wa aina nyingine, tiba inakaribiana, ila huo unaweza kukuwasha na wewe, kwahivo osha mikono na watoto wasimkumbatie kwa sasa. Ukichelewa na utitiri unaingia ndani ya sikio, kichwa kinapinda upande mmoja na mnyama anazunguka palepale.

SWALI: Mkojo wa sungura wangu umekuwa mwekundu leo, nimeogopa. Anakula vizuri anaruka.

JIBU: Kama anakula na kuruka tulia kwanza. Mkojo wa sungura unaweza kuwa wa njano, wa machungwa, hata mwekundu kutokana na majani aliyokula, na unaweza kuwa mzito mweupe kwa sababu ya chokaa inayotoka mwilini, yote ni kawaida. Wa kuogopa ni ule wenye matone au mabonge ya damu ndani ya mkojo wa rangi ya kawaida, au anajikamua na hakitoki kitu, au ni jike aliyepita miaka mitatu ambaye hajafungwa kizazi, hawa saratani ya mfuko wa uzazi inawapata sana. Ukiwa na wasiwasi mchukulie daktari mkojo kwenye kichupa kisafi apime.

SWALI: Sungura wangu mzee, nyuma kumelowa mkojo na kunanuka. Mvua zimeanza na nzi ni wengi. Nimuoshe?

JIBU: Kabla ya kuosha chochote mfunue manyoya uangalie ngozi, leo, sio kesho. Nzi wakubwa wale wa buluu na kijani wanataga mayai penye unyevu na harufu, mayai yanaanguliwa ndani ya saa 24 na funza wanaanza kula nyama hai. Najua inatia kinyaa kusoma lakini ni bora usome. Ukiona hata funza mmoja mkimbize kwa daktari, njiani uwaondoe unaowaona kwa koleo ndogo. Ukikuta ngozi iko salama, osha sehemu ileile tu kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe kabisa, usimuogeshe mwili mzima. Halafu tafuta kwanini analowa, wazee wengi ni viungo vinauma hawezi kuinama kujisafisha, na hilo lina dawa.

SWALI: Sisi tuko visiwani, Faza. Daktari wa sungura nimpate wapi, na nitambebaje kwa boti bila kufa njiani?

JIBU: Huna haja ya daktari wa sungura, tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, muulize kabla kama amewahi kutibu sungura, akisema hapana si mwisho, muombe awasiliane na mwenzake kwa simu kabla ya kuchoma sindano. Anza na ofisi ya mifugo ya kaunti. Pale Amu kuna kliniki ya punda, kazi yao ni punda lakini pita uwaulize, watu wa wanyama wanajuana. Muuzaji wa agroveti atakuuzia dawa lakini yeye si lazima awe daktari, muheshimu lakini umuulize aliyesomea.

Kumbeba, tafuta katoni au kikapu chenye mfuniko, toboa matundu, tandika taulo ili miguu isiteleze, tia nyasi nyingi, na uweke mbali na injini, kivulini, jua la baharini linapiga hata chini ya turubai. Msimbebe kwa masikio, hata mchinjaji akikuonyesha hivo. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ushike makalio, manake akirusha miguu ya nyuma bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe, na huo haurudi.

Kabla hujapanda boti tuma video fupi kwa wasapu ikionyesha anavyohema na anavyokaa, na picha ya mavi ya leo kando ya yale ya kawaida kama bado yapo bandani, yale mazima ni duara ukubwa wa njegere na ukiyavunja ndani ni nyasi tupu. Mwambie daktari alikula mara ya mwisho lini, chakula gani kimebadilika, ana kilo ngapi, na dawa yoyote uliyompa hata kama unaona aibu kuisema. Na kama ana mwenzake wanaokaa pamoja wapakie wote wawili, wakitengana kwa siku chache wanaweza kupigana wakirudishwa, na mgonjwa akiwa na mwenzake mara nyingi anakubali kula mapema.